Mwanao ni mtu mzima na mambo hayamwendei: namna ya kupata utulivu wako

Saa nane usiku. Hujasikia kitu, umeamka tu. Mkono unapapasa simu chini ya mto kabla macho hayajafunguka vizuri. Unaangalia kama mwanao aliingia mtandaoni. Aliingia saa sita na dakika kumi. Moyo unatulia: yu hai. Dakika mbili baadaye unaanza upya. Saa sita na dakika kumi alikuwa macho akifanya nini? Amekunywa tena? Amegombana na mkewe? Si alisema anaingia kazini alfajiri? Kufikia saa kumi umeshamzika, umeshamtoa jela, umeshalea wajukuu peke yako. Yeye huko aliko pengine analala fofofo.

Nimeishi usiku wa namna hiyo kwa karibu miaka mitatu. Mwanangu alikuwa na miaka 27, na mimi nilikuwa na imani moja tu: akitulia yeye, nami nitatulia. Akapata kazi, nikapumua wiki mbili. Akaipoteza, nikarudi palepale. Akaacha pombe miezi minne, nikaitumia yote minne kusubiri siku atakayoanza tena. Mwisho nikaona nilichokuwa nimefanya: utulivu wangu nilikuwa nimemkabidhi mtu ambaye hata wa kwake hana.

Ukijiona humu, huna kasoro ya pekee. Mwaka 2012 Karen Fingerman na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wazazi 633 wa umri wa kati. Waliona kwamba mtoto mmoja tu mwenye matatizo anatosha kuambatana na hali mbaya ya mzazi, lakini kuwa na mmoja aliyefanikiwa hakuinui hali hiyo kwa kiasi hicho. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huo hauishi mtoto anapotimiza miaka 18. Kinachowezekana ni kuubeba kwa namna ambayo haitakuua wewe wala kumlemaza yeye.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano ambao ningeutumia mimi kama ningeanza upya. Ya kwanza usiiruke. Nyingine anza na ile inayokuuma zaidi.

1. Jua kama ni dharura au ni ugumu

Kukosa kazi, ndoa kuvunjika, madeni, kurudi nyumbani na begi moja: huo ni ugumu. Unaumiza, lakini unaweza kusubiri asubuhi. Dharura ni kitu kingine, na hapo hakuna utulivu wa kutafuta, kuna gari la kutafuta. Dharura ni mtu anayesema anataka kufa au anayeaga watu na kugawa vitu vyake. Aliyezidisha dawa na hazinduki. Anayetishia kuumiza mtu. Anayesikia sauti zinazomwamuru afanye jambo. Anayepigwa na mwenza wake.

Wazazi wengi wanaogopa kuuliza kuhusu kujiua, wakidhani watampandikizia wazo. Shirika la Afya Duniani limeshasema wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Uliza bila kuzungukazunguka: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usianze kumwonyesha dhambi yake wala uchungu atakaokuachia. Kaa naye, ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mpeleke kwa wataalamu siku hiyohiyo.

Jambo moja ambalo watu hawalijui: mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu hatakiwi kukatishwa ghafla nyumbani kwa kufungiwa chumbani. Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na degedege vinaweza kumfika ndani ya siku mbili tatu, na vinaweza kuua. Hilo ni suala la daktari. Ukali wa baba haulitibu.

Kama hakuna dharura, endelea kusoma. Na kila simu itakapolia, anza na swali hilihili: hili ni la sasa hivi, au ni la kesho asubuhi? Utashangaa mangapi ni ya kesho asubuhi.

2. Maliza kesi unayojishtaki mwenyewe

Lugha yetu ina methali tamu sana kwa mzazi ambaye mambo yamemnyookea: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ina nyingine, "Samaki mkunje angali mbichi." Zinafaa kwa mwenye mtoto mchanga. Kwa mwenye mwana wa miaka 34 aliyezama kwenye kamari, ni fimbo tu, na wa kwanza kuishika ni yeye mwenyewe. Anarudi nyuma mwaka kwa mwaka: ningemhamisha shule ile, nisingeachana na baba yake, ningemchapa zaidi, ningemchapa kidogo.

Hata wataalamu wamewahi kuishika fimbo hiyo. Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayemsababishia mwanawe skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na kwa miaka mingi akina mama walikaa mbele ya madaktari wakitazamwa kama chanzo cha ugonjwa. Wazo hilo limeshatupwa. Leo inafahamika kwamba urithi wa kibaiolojia una sehemu kubwa katika ugonjwa huo. Ila wale akina mama hawakurudishiwa usingizi wao.

Sisemi hukukosea. Wote tumekosea. Ninachosema ni kwamba kosa lenye jina lina dawa, na hatia isiyo na jina haina. Chukua karatasi uandike kile ulichofanya kweli, kwa maneno ya kawaida: "Nilikuwa nikimpigia kelele mbele ya wageni." "Sikuwepo miaka minne." Kama kipo kinachostahili msamaha, kiombe mara moja, bila "lakini": "Nilikudhalilisha mbele ya watu ulipokuwa mdogo. Nilikosea. Nisamehe." Usimdai akujibu. Na usirudie kila mwezi, kwa sababu msamaha unaoombwa mara kumi humgeuza aliyeumizwa kuwa mbembelezaji wako.

Baada ya hapo kesi imefungwa. Vikundi vya Al-Anon, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi, vina maneno matatu ambayo mimi niliyabandika ndani ya mlango wa kabati: sikuusababisha, siwezi kuutawala, siwezi kuuponya. Nilianza kuyasoma bila kuyaamini. Inatosha kwa kuanzia.

3. Daftari la safu mbili

Hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, na ni rahisi mno hata naona haya kuliandika.

Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika "Yangu", upande wa pili "Yake". Kisha shusha kila kinachokukosesha raha juu ya mwanao, jambo mojamoja, na uliweke upande wake. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa hivi. Kutafuta kazi: yake. Kuamka kwenda kazini: yake. Deni la simu: lake, ingawa nilikuwa nimeshalilipa mara tatu. Kumpigia mkuu wake wa kazi kumwombea ruhusa kwa uongo kwamba anaumwa: nilisita kalamu ikiwa hewani, kwa sababu nilikuwa nimefanya hivyo wiki hiyohiyo. Niliandika "Yake", mkono ukitetemeka. Upande wangu ukabaki na vitu vinne: kumpigia Jumapili, kutosema uongo kwa ajili yake, kulipia ada ya mjukuu, kupima presha yangu.

Ukikwama usijue jambo uliweke wapi, jiulize: nisipolifanya mimi, nani ataumia kwanza? Kama ni yeye, na ana akili timamu na mikono miwili, ni lake. Kama ni mtoto mdogo asiye na hatia, fikiria upya. Wajukuu hawakuomba kuwemo humu. Na kama mwanao ni mgonjwa kiasi kwamba kweli hawezi, mstari unasogea. Mwenye ugonjwa mzito wa akili anaweza kuhitaji umkumbushe dawa na kliniki, kama ambavyo mwenye mguu uliovunjika anahitaji umshike mkono. Kila miezi mitatu kaa na daftari uangalie kama mstari bado uko mahali pake.

4. Pesa

Tusidanganyane, ugomvi mwingi wa mzazi na mwana mzima unaishia kwenye pesa, na usiku mwingi wa kukosa usingizi unaanzia hapo. Huwezi kutulia huku kila simu inaweza kukufilisi.

Kanuni yangu kubwa ni moja: usijibu ombi la pesa papo hapo. Hofu ya mtu inaambukiza, na anayetaka pesa usiku anakuja na hofu yake ikiwa mbichi. Mfano wa mazungumzo:

"Mama, nimekwama. Mwenye nyumba kasema kesho anatoa vitu vyangu nje."

"Pole, mwanangu. Deni la miezi mingapi?"

"Miwili."

"Nimekusikia. Leo sijibu. Kesho saa tatu asubuhi nitakupigia."

"Kesho nitakuwa nimeshachelewa!"

"Najua una wasiwasi. Saa tatu kamili nitapiga."

Saa tatu upige kweli. Huo ndio uti wa mgongo wa jambo lote, ukichelewa umeharibu. Na uwe umeshakaa na mwenzako mkakubaliana, maana mtoto aliyekatazwa na baba hujua mlango wa mama ulipo. Jibu linaweza kuwa hili: "Tumeongea na baba yako. Mwezi mmoja tutalipa sisi, na tutamlipa mwenye nyumba mwenyewe. Huo mwingine nenda mkaelewane umlipe kidogo kidogo. Kwa mwaka huu ndiyo msaada wetu wa kodi." Atanuna. Anaweza kukuambia maneno ambayo utayakumbuka. Usiyajibu kwenye simu ileile.

Mengine kwa ufupi. Unachotoa kihesabu kuwa zawadi. Ukikiita mkopo, utaanza kumfuatilia kila anachonunua, na uhusiano utageuka kuwa wa mdai na mdaiwa. Akiwa na kamari au ulevi, lipa panapodaiwa moja kwa moja badala ya kumpa fedha mkononi. Usitie saini ya udhamini wa mkopo ambao huwezi kuulipa peke yako hadi senti ya mwisho, kwa sababu ndivyo udhamini ulivyo: asipolipa yeye, utalipa wewe. Na akiba ya uzee usiiguse. Yeye ana miaka 30 mbele ya kufanya kazi, wewe huna. Mzazi aliyefilisika kwa mapenzi huja kuwa mzigo wa mtoto yuleyule.

Kukataa pesa hakukuzuii kutoa kingine. Unaweza kumsindikiza kwenda kuzungumza na anayemdai. Unaweza kumlelea mtoto siku ya usaili. Mara nyingi msaada wa miguu unamfaa kuliko wa mkoba.

5. Namna ya kuongea naye

Kati ya miaka ya 1950 na 1970, George Brown na wenzake jijini London waliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali kurudi nyumbani. Waliorudi kwenye familia yenye lawama nyingi, chuki, au ulezi wa kumbana mtu hadi asipumue, waliugua tena mara nyingi zaidi. Ulezi wa kubana umewekwa pamoja na lawama! Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa najisifu kwamba mimi simlaumu mwanangu, namjali tu. Kumjali kwenyewe kulikuwa simu sita kwa siku.

Kwa hiyo punguza maswali ya upelelezi. "Umekula? Umelala? Umeomba ile kazi? Yule rafiki yako bado mko naye?" Kwako ni mapenzi, kwake ni polisi. Mwanzoni mwa mazungumzo muulize jambo moja: "Hapa unataka masikio yangu au mikono yangu?" Akisema masikio, sikiliza. Ushauri wako anaujua, amekaa nao tangu darasa la pili.

Kuna sentensi za kuziacha kabisa: "Nilikuambia." "Mwenzako fulani kajenga." "Unataka kuniua kwa presha." Hiyo ya mwisho naiona mbaya kuliko zote, maana inamtwisha afya yako juu ya shida zake, na mtu mwenye aibu akizidishiwa aibu hujificha. Atakupigia mara chache zaidi, na wewe utajua machache zaidi, na usiku utakuwa mrefu zaidi.

Wekeni siku na saa maalumu ya kuongea. Kwetu ni Jumapili saa kumi. Nusu ya mazungumzo iwe juu ya vitu visivyo shida yake: mpira, jirani aliyefuga bata mzinga, kumbukumbu ya babu. Anahitaji mahali pamoja duniani ambapo yeye si tatizo la kutatuliwa.

6. Wasiwasi upewe saa yake

Kujiambia "nisifikirie" hakufanyi kazi. Mwaka 1983 Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walijaribu njia nyingine: chagua nusu saa kila siku, mahali palepale, uwe na wasiwasi hapo. Wazo likija nje ya saa hiyo, liahirishe. Mimi nilichagua saa kumi na moja jioni, kiti cha nje. Saa nne asubuhi wazo linakuja, "akifukuzwa je?", naliandika kwenye kipande cha karatasi, naliambia tutaonana jioni. Jioni naketi na karatasi zangu kama karani. Mengine yanakuwa yamekufa yenyewe. Yaliyo hai nayapeleka kwenye daftari: yangu au yake? Usiweke saa hiyo karibu na kulala.

Simu itoke kitandani. Kama unaogopa kukosa habari ya dharura, simu nyingi zinaruhusu namba moja mbili zilie hata zilizobaki zikiwa kimya. Mwambie mwanao: "Usiku nitapokea ukipiga, ujumbe nitausoma asubuhi." Na ile tabia ya kuchungulia aliingia mtandaoni saa ngapi, iache kabisa. Haijawahi kukuambia jambo la maana.

Mwili nao haungojei mwanao apate nafuu. Dawa zako meza, tembea, nenda kwenye miadi ya macho uliyoiahirisha tangu mwaka juzi. Ukiona wiki mbili zinapita huli, hulali, hufurahii chochote, wewe pia sasa unahitaji daktari, na hilo halina aibu.

7. Waliobaki nyumbani

Mwenza wako anaumia kwa namna yake. Mmoja hulia, mwingine huenda kutengeneza banda ambalo halijaharibika. Msipimane mapenzi kwa hilo. Tengeni saa moja kwa siku ambayo jina la mtoto huyo halitajwi.

Kisha kuna yule mwana mwingine, asiye na shida. Anapiga simu kukuambia amepandishwa cheo, na wewe unasema "hongera, umeongea na kaka yako?" Watoto hawa wanaona. Mpigie leo, uulize habari zake tu.

Kuhusu majirani na ndugu: chagua watu wawili wa kuwaambia ukweli wote, waliobaki uwape sentensi moja. "Yupo, anapambana, asante kwa kuuliza." Kisha badilisha mada. Huna deni la maelezo kwa mtu aliyekutana nawe mlangoni. Ila wale wawili uwe nao kweli; siri inayobebwa na mtu mmoja huoza.

8. Mlilie mtoto uliyemtarajia

Kuna kilio ambacho hakina matanga. Mwanao yu hai, lakini yule uliyemwona akilini miaka yote, mhandisi, mume wa mtu, anayekuja sikukuu na watoto wake, hayupo. Mtafiti Pauline Boss alianza miaka ya 1970 kuandika juu ya upotevu wa aina hii, ambapo mtu yupo na hayupo kwa wakati mmoja, na akaonyesha kwamba unaumiza kwa namna ya pekee kwa sababu hauna mwisho unaoonekana. Hakuna anayekuletea pole. Jipe mwenyewe. Mimi nilitoa picha ya mahafali yake iliyokuwa sebuleni, nikaihifadhi, nikaweka aliyopigwa mwaka jana akiwa na ndevu zisizochanwa, anacheka. Ilinichukua siku kadhaa kuzoea kumtazama huyu badala ya yule.

Jumapili iliyopita saa kumi nilimpigia, hakupokea. Nilingoja dakika tano nikapiga tena, hakupokea. Nikamwandikia, "Nilipiga kama kawaida. Nakupenda. Tutaongea ukipata nafasi." Nikaiweka simu kwenye droo, nikaenda kumwagilia maua, na kwa kweli mikono ilikuwa inatetemeka kidogo kwenye ndoo. Alipiga Jumatatu mchana. Alikuwa amelala.